Nyumba Isiyo na cha Kushika

3 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu zako kutoka kwetu sote. Hatujambo, ila Mama goti linamsumbua. Yeye anasema ni baridi ya sakafu. Ukimwambia ni uzee anakurushia kandambili, na shabaha bado anayo. Wifi yako mzima, amepata wateja wengi wa mapazia. Wanangu wanamuulizia shangazi yao.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana unajua mimi na kalamu hatupatani, naishika kama patasi. Simu yako haipatikani tangu kabla ya mwaka mpya. Nikampigia shemeji, akasema imeharibika na anaitafutia kioo. Sawa, nikangoja. Juzi dereva wa lori anayenibebea samani alipita mji wenu, akabisha hodi kwako akusalimie. Amerudi ananiambia, "Randa, kwa dada yako nimekaa chini."

"Chini wapi?"

"Sakafuni, juu ya mkeka. Nyumba nyeupe, tupu kabisa. Nilidhani wanahama."

Chiriku, makochi yangu yako wapi? Yale niliyokutengenezea ulipoolewa, mbao ngumu, nikayabeba mgongoni mimi mwenyewe mpaka ndani? Kabati la vyombo je? Na kigoda cha Baba? Kama mmekwama semeni, kukwama sio aibu. Kama umevigawa kwa kuringa, nijulishe pia, nijue namna ya kukasirika.

Kaka yako,
Randa


20 Februari

Kaka Randa,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie alikande goti kwa maji ya moto na aache kuosha uani asubuhi. Wifi msalimie sana. Mimi sijambo. Simu ilianguka. Niandikie hapa dukani kwa Mama Rangi, usiandike nyumbani, kule barua zinapotea. Mama Rangi ndiye mwenye duka hili ninalochanganya rangi, mama mnene, mkali, mwenye moyo mzuri. Atanipa mkononi.

Usinune. Hatujakwama, na makochi yako yako kwa watu wanaoyapenda. Ngoja nikueleweshe, maana huu ni mtindo, tena una watu wake. Hapa dukani tunaletewa vitabu vya picha za nyumba. Siku hizi wateja wananyoosha kidole kwenye picha ya chumba kisicho na kitu, wanasema, "Nataka hivi." Ukuta mweupe, au mweupe wenye tone moja la kijivu. Sakafu wazi. Kitu kimoja mahali pa vitu kumi. Sio umaskini. Unashika kila ulichonacho, unakiuliza: wewe kazi yako humu nini? Kisicho na jibu kinatoka.

Mimi niliviuliza vyangu. Vingi nilikuta vina kazi mbili. Hivyo vya kazi mbili ndivyo nilivyovitoa kwanza.

Chombo cha maua kimetoka. Pasi imetoka, nguo napigia dukani. Fremu ya picha ya harusi imetoka, picha yenyewe nimeibandika ukutani kwa gundi. Kinu na mchi wake vimetoka. Sahani na vikombe ni vya plastiki, vyepesi, rangi moja. Godoro liko chini. Fimbo za pazia nimezing'oa, dirisha liko wazi. Kigoda cha Baba anacho Mama Rangi, usiogope.

Shemeji yako yupo. Saa mbovu za mji mzima zinapita mikononi mwake. Hana neno na mtindo huu.

Ukikaa humo asubuhi jua likiingia, kaka, macho hayagongi popote. Unasikia pumzi yako mwenyewe.

Mdogo wako,
Chiriku


15 Machi

Chiriku,

Tumepokea barua yako, imechelewa lakini imefika. Mama anakujibu salamu na anasema maji ya moto ameyajaribu, hayana maana. Mtoto wangu wa pili ameng'oka jino, anatembea amefungua mdomo ili watu waone.

Barua yako niliisoma karakana kwa sauti. Tumecheka mpaka msumeno ukazimwa. Kiti unakiuliza kazi yake nini! Kiti kikijibu mimi nitafunga karakana nikalale. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wewe tangu utotoni zako zilikuwa za kusimama.

Wifi yako peke yake hakucheka. Aliichukua, akaisoma tena akiwa amesimama. Akaniuliza, "Mtu anatoaje pasi kwa ajili ya urembo? Na mchi? Na fimbo za pazia?" Nikamwambia ndiyo mtindo. Akasema, "Randa, hebu visome vile vitu kimoja kimoja, halafu fikiria vimeshikwa mkononi." Nikamwambia aache kuwaza mabaya. Shemeji ni fundi kama mimi. Mtu anayefungua skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga bila kuipoteza hawezi kuwa mtu wa fujo. Tukanuniana na wifi yako mpaka jioni. Mama naye akaingilia, akasema mwambie Chiriku mume ni kama goti, linauma lakini ni lako, na mvumilivu hula mbivu. Sijui alisikia nini. Nakufikishia kama nilivyotumwa.

Sasa furahi. Kaka yako amekielewa kitabu chako cha picha. Nakutengenezea meza ya mtindo wako! Hakuna nakshi, hakuna droo, uso mmoja na miguu minne. Na haina msumari hata mmoja. Kila mguu una ulimi unaoingia kwenye tundu la uso, na kabari ndogo inaushikilia. Ukitaka chumba kibaki wazi, unagonga kwa kiganja, mguu unatoka mkononi mwako, meza yote unailaza nyuma ya mlango. Mafundi wenzangu wamekuja kuiangalia, wameondoka wamefunga midomo.

Kaka yako,
Randa


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Salamu kwa wote.

Usitume hiyo meza. Nakuomba. Kama umeshaimaliza iuze, au mpe wifi akatie vitambaa. Kama ni lazima utume kitu tuma uso wa meza peke yake, bila miguu.

Usiniulize kwa nini. Usitume tu.

Chiriku


6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama goti limepoa kidogo, sasa anasema ni bega.

Meza imeondoka leo na lori! Nimeipiga msasa mpaka ukiilalia shavu hutaki kuinuka. Miguu nimeitoa kwenye gogo lile gumu alilotuachia Baba, lile lililokuwa linavunja meno ya msumeno. Mguu mmoja tu ukiudondosha sakafuni, nyumba inaitika. Hii meza mtazeeka mtaiacha.

Dereva nimemfundisha namna ya kuutoa na kuurudisha mguu. Nimemwambia amwonyeshe shemeji mwenyewe, fundi kwa fundi, atafurahia kazi isiyo na msumari. Kiganja kimoja tu, tap, umetoka.

Kaka yako anayekuelewa,
Randa


10 Mei

Chiriku,

Tunakusalimu. Sina habari za nyumbani za kukupa leo, wote tunakuwaza wewe.

Barua yako ya kuniambia nisitume imenifikia meza ikiwa imeshakaa kwako zaidi ya wiki. Tangu hapo sina neno lako. Nimemwandikia Mama Rangi, hajajibu. Nikampigia shemeji. Alipokea vizuri, sauti ileile ya upole, akasema, "Meza imefika shemeji, asante sana. Inafanya kazi nzuri." Nikamwomba niongee na wewe. Akasema umelala. Ilikuwa mchana kweupe.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo wifi yako anavyosema, na amekuwa akisema hivyo kila siku. Usiku naamka nasoma ile barua yako ya Februari. Nilifanya kama alivyoniambia. Chombo cha maua nikakifikiria kimeshikwa mkononi. Kisha pasi, kisha mchi.

Mdogo wangu, niambie mimi ni mjinga. Niambie nimekosea, nitacheka na wewe. Lakini niambie.

Randa


28 Mei

Kaka Randa,

Shikamoo. Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto, nivumilie. Naandika kidogo nalala, naandika kidogo nalala.

Mama usimsomee. Wifi msomee, yeye ameshajua.

Kilianza chombo cha maua. Nilimuuliza jambo wakati anakula, sikumbuki hata lilikuwa jambo gani. Kilipita hapa sikioni kikapasuka ukutani, vipande vikaniingia shingoni. Baadaye akalia. Akaviokota vyote, akavaa kile kioo chake cha kazi jichoni, akaviunga kwa gundi kimoja kimoja mpaka ufa hauonekani, akakirudisha juu ya kabati. Ndivyo alivyo, anavunja halafu anatengeneza. Watu wakija wanakisifu kile chombo, na mimi shingo nimeifunga mtandio. Nikakigawa.

Ikafuata chupa ya chai, na chai ikiwa ndani. Nikaitoa. Ikafuata pasi. Alama yake iko mgongoni kwangu, ncha na yote, wifi akitaka kuiona nitamwonyesha. Nikaitoa. Fremu ilinipasua kichwa. Mchi ulinivunja ubavu, nikamwambia daktari nimeteleza bafuni, daktari akanitazama sana. Kitu kikinipiga mara moja hakikupata nafasi ya pili. Kisha nikapata akili, nikaanza kutoa kabla. Natembea ndani nashika kitu nakipima: kinanyanyulika kwa mkono mmoja? Kina ncha? Kikivunjika kinakata? Makochi yako niliyatoa kwa sababu ya zile mbao za mikononi, alikuwa akinishika nywele ananigongesha hapo. Kabati nalo lilikuwa na pembe. Nilimwambia ni mtindo, nikamwonyesha kitabu cha picha. Alipenda. Aliwaambia wateja wake mke wangu ni mtu wa kisasa.

Na ilifanya kazi, kaka. Hilo nataka ulielewe vizuri. Mikono yake ndiyo riziki yake, na anaiogopea kama mayai. Akikosa cha kushika anapiga kofi moja mbili, anaanza kutazama vidole vyake kama viko sawa, anatoka. Nyumba ilivyozidi kuwa tupu nami nilizidi kupona. Nilikaa katikati ya ule weupe jua likiingia, nikawa naupenda kweli. Nisiposema hivyo nitakuwa nadanganya.

Halafu ikaja meza yako.

Dereva alimwonyesha, kama ulivyomwagiza. Kiganja kimoja. Alicheka kama mtoto, akautoa na kuurudisha, akautoa na kuurudisha, anasema, "Kaka yako ni fundi." Dereva alipoondoka nilimwomba tuirudishe. Nikasema haiendani na chumba. Akaniuliza haiendani vipi.

Jumapili mchana, baada ya kula, alisema nimemtazama vibaya mbele ya jirani. Aligonga mara moja tu. Mguu ukatoka mkononi mwake kama ulivyosema. Nilinyanyua mkono wa kulia nikinge uso, nikausikia mfupa kabla sijausikia uchungu. Alipiga bega. Alipiga mgongo. Nilitambaa kwenda mlangoni akanipiga magotini, nikarudi ukutani, na ukuta mzima hauna hata kitu cha kujifichia nyuma yake, kwa sababu nilivitoa vyote mimi mwenyewe. Alipiga mpaka akachoka. Mguu wako haukupata hata ufa.

Alipomaliza alinawa. Akaufuta ule mguu kwa kitambaa chake cha kufutia saa, akaurudisha kwenye tundu lake, akagonga kabari. Meza ikasimama. Ungeingia wakati ule ungeisifu.

Siku uliyopiga simu nilikuwa sakafuni hatua chache kutoka alipokaa. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilikusikia unauliza. Nilikusikia unasema basi, akiamka msalimie.

Kesho yake alipokwenda kazini nikatoka. Nilitembea na mgongo ukutani mwa nyumba za watu mpaka dukani. Mama Rangi aliacha mteja na kopo wazi. Alinipeleka hospitali, kisha polisi, kisha akaenda na askari wakachukua meza nzima. Mume wangu aliwaambia nilianguka. Wanasubiri karatasi ya daktari. Bado yuko nje, anafungua kibanda chake kila asubuhi, anatengeneza saa.

Niliko sikuambii. Wewe ukikasirika siri zinakutoka kama jasho. Sirudi nyumbani kwa Mama kuambiwa habari za magoti. Na wewe, kaka, usije. Nakujua. Ukija, usije na chombo chochote cha karakana. Nimeshapoteza mume, mkono na meno mawili, sitaki kupoteza na kaka gerezani.

Chiriku


17 Juni

Mdogo wangu,

Sote tuko hai. Nianze na hilo.

Nilisoma barua yako karakana nimesimama, kisha nikaenda nyuma ya rundo la mbao nikatapika. Wifi yako alinikuta huko. Naye akaisoma. Hakuniambia "nilikwambia," na ningefurahi kama angeniambia.

Najua ulinikataza. Nilikuja hata hivyo, nikaondoka, na hukuniona. Wifi yako alipoona sizuiliki, maana mimi siku ile nilikuwa sizuiliki, aliupekua mkoba wangu. Akatoa nyundo. Akatoa patasi niliyoificha ndani ya soksi. Akatoa hata penseli yangu, akasema imechongoka. Akaniambia, "Nenda na mikono uliyozaliwa nayo."

Nilimkuta mumeo nyumbani kwenu, amekaa kwenye mkeka anakula. Alinyanyuka kwa adabu zake zote. "Shemeji! Karibu. Mbona hukusema unakuja?"

Nikamwambia, "Nimekuja kuiona meza yangu."

Akasema, "Polisi wameichukua, kuna kutoelewana kidogo. Unamjua dada yako, ana maneno."

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka pua yake imevunjika chini ya ngumi yangu, na sauti yake, na kwamba niliipenda ile sauti. Nakuambia ukweli. Nilimpiga mdomoni, jino likaniingia kwenye kidole, nikampiga tena palepale, kisha mbavuni. Aliificha mikono yake kwapani, Chiriku! Uso aliuacha wazi akaificha mikono. Hapo ndipo nilipokusudia kumuua. Nilimkaba koo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikaunyoosha kutafuta kitu. Mkono wangu huu umezoea, karakana ukinyooka unakuta nyundo bila macho kuangalia. Ukapapasa. Sakafu. Ukapapasa nyuma yangu. Ukuta, laini, umepakwa vizuri. Nikamburuta mpaka jikoni, nimemshika kola kama gunia, macho yananitoka. Makabati hamna. Chupa hamna. Kisu hamna. Nikashika sahani yake ya plastiki iliyobaki na chakula. Nikampiga nayo kichwani, ikapinda ikarudi ilivyokuwa. Nikampiga nayo tena.

Nikasimama pale nimeshika sahani. Nikatazama chumba chote, na kokote nilikotazama niliuona mkono wako unakiondoa kitu. Hapa palikuwa na pasi. Hapa mchi. Ulipita kabla yangu, ukamnyang'anya yeye kila cha kuulia, na siku ile ukaninyang'anya na mimi. Wewe hukujua kama unamwokoa mtu mwingine. Ningekuta hata kigoda, leo Mama angekuwa na mtoto mmoja tu, na huyo mmoja ana mkono uliovunjika.

Nilimwachia. Alianguka akakohoa damu, nikakaa chini nikalia kwa sauti kama ng'ombe. Majirani waliingia wakatukuta hivyo, wote wawili chini, mmoja anavuja mmoja analia. Polisi walitubeba pamoja. Mimi niliandika maelezo, nikaonywa, nikaachiwa. Karatasi ya daktari ilikuwa imefika asubuhi ileile, kwa hiyo yeye wamembakiza. Mbavu zake mbili zimevunjika. Sijutii hata moja. Naona aibu kwa jinsi nilivyokaribia, lakini kujuta sijutii.

Meza ndiyo ninayoijutia. Nilijisifu kwamba nimekuelewa. Ulinipa orodha nzima ya vitu vilivyokupiga, nikaicheka mbele ya watu, kisha nikatengeneza cha kuvishinda vyote kwa gogo la Baba. Silali.

Mama nimemwambia, maana angejua kwa majirani. Kisha akaomba ashushiwe picha ya harusi yenu, akailaza kifudifudi chini ya kitanda. Anasema nikuandikie hivi: "Goti ni langu. Yule hakuwa wako." Hajarusha kandambili tangu siku hiyo, watoto wanamchokoza bure.

Gogo limebaki kipande. Nimelichoma.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka Randa,

Shikamoo. Mwandiko umerudi mkono wa kulia, unaona unavyoyumba, lakini umerudi. Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie nimeyapokea maneno yake. Mwambie pia arushe kandambili, watoto wasije wakamzoea. Wifi namdai kukumbatiana. Ile penseli aliyokunyang'anya nimecheka nayo siku nzima, mbavu zikauma.

Nilikukasirikia kwa kuja, kwa muda mrefu, ndiyo maana umeona kimya. Sasa basi.

Kesi imesikilizwa. Mguu wa meza uliwekwa mbele ya hakimu, umefungwa kikaratasi chenye namba. Karani alipoubeba aliupima mkononi, nikasikia anamwambia mwenzake, "Mti mzito huu." Nikatamani kumwambia ni wa kaka yangu. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye pasi waliniambia naweza kukaa, nikakataa. Yeye alitazama vidole vyake muda wote. Amefungwa miaka saba. Wakati wanamtoa alinigeukia akasema kwa ile sauti yake, "Ningekutengenezea mkono." Nadhani alimaanisha.

Na wewe acha kukesha. Meza haikuninyanyulia mkono. Nilikuwa na mdomo, ningekuambia tangu chombo cha maua, nikaona aibu nikakuandikia habari za rangi. Tumekosea wote wawili. Mwenye kosa yuko ndani.

Nimepanga chumba nyuma ya duka. Nimekipaka mwenyewe, mweupe wenye tone la kijivu, kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo pembeni pana mawimbi. Mama Rangi aliniletea mapazia ya maua na kochi la kukunja, nikamwambia asante, sivitaki. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Bado unaogopa." Nikamwambia hapana mama, napenda tu. Na ni kweli, nimegundua napenda. Nina mkeka, godoro, kigoda cha Baba, na meza ndogo ya kununua, ina misumari, usikasirike.

Kitu kimoja nimekinunua kwa tamaa. Jagi la kioo, jembamba, refu, ukilishika kwenye jua linaweka rangi ukutani. Nikaliweka mezani na maji.

Wiki iliyopita fundi bomba alikuja, akagonga mlango kwa ngumi kama wanavyogonga. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimelibeba jagi, nimemwaga maji yote, niko chini sakafuni nalisukuma nyuma ya godoro. Nikabaki pale nimelikumbatia, yeye anagonga, "Kuna mtu?" Sikuweza kusema kuna mtu. Akaondoka. Nililia kaka, nililia kwa hasira, kwa kile chumba, kwa yale maji kwenye mkeka. Kisha nikalijaza tena, nikalirudisha mezani.

Leo asubuhi amerudi. Amegonga vilevile. Miguu ikataka kwenda mezani kwanza, nikaipeleka mlangoni. Nikafungua. Amepita, ametengeneza bomba, amenawa, ameomba maji ya kunywa. Nikammiminia. Alilishika jagi kwa mkono mmoja kusogeza, akalirudisha ukingoni kabisa mwa meza, akaaga.

Nimekaa kwenye kigoda nakuandikia. Bado liko palepale ukingoni. Sijalisogeza.

Mdogo wako,
Chiriku